Nakumatt, Uchumi na Naivas: ukuze biashara yako kwa fedha za nani?

Mwenye maduka mawili au matatu yanayokwenda vizuri hufikia siku anapoitwa na mwenye jengo jipya kuonyeshwa nafasi. Eneo ni zuri, watu wanapita, na mshindani naye ameshaulizia. Mazungumzo yote siku hiyo huwa ni kama duka la nne litauza. Mimi nasema uliza kwanza fedha za kulijenga zitatoka wapi. Kila fedha huja na mwenyewe, na huyo mwenyewe ndiye atakayesikika mauzo yakiyumba.

Afrika Mashariki tumeshuhudia jibu la swali hilo kwa macho yetu, kupitia supamaketi tatu za Kenya. Nakumatt ilikua kwa mali za wasambazaji na mikopo. Uchumi ilianza kwa fedha za serikali, ikaenda kwenye soko la hisa. Naivas ilikuwa duka la familia kwa miaka 30, kisha ikauza sehemu ya hisa zake kwa wabia wa nje. Nazilinganisha hapa kwa ajili ya mtu anayetaka kuamua, awe anauza unga, vifaa vya ujenzi au dawa za binadamu. Ukubwa wa biashara yako unaweza kuwa mdogo mno kando ya hizo, lakini hesabu ni zile zile.

Zilikotoka na zilikofika

Nakumatt na Naivas zote zimetoka upande wa Nakuru. Ya kwanza ilianzia kwenye duka la magodoro, ndiyo maana ikaitwa hivyo: Nakuru Mattresses. Ya pili ilifunguliwa Rongai, nje kidogo ya mji huo, mwaka 1990 na mzee Peter Mukuha Kago. Uchumi ni mkubwa wao kwa umri. Iliundwa mwaka 1975 na mashirika ya serikali ili bidhaa za kila siku ziwafikie wananchi kwa bei nafuu, na mwaka 1992 hisa zake zikaanza kuuzwa katika soko la Nairobi.

Nakumatt ilipofika kileleni ilikuwa na matawi zaidi ya 60 katika nchi nne. Ilifungua Kigali mwaka 2008, Kampala mwaka 2009 na Moshi mwaka 2011, kisha mwaka 2014 ikachukua maduka ya Dar es Salaam na Arusha ya Shoprite, supamaketi ya Afrika Kusini. Baadhi ya matawi yake Kenya hayakufungwa usiku wala mchana. Januari 2018 Mahakama Kuu iliiweka chini ya msimamizi, na Januari 2020 wadai walipiga kura ifungwe. Deni lilikuwa limezidi shilingi bilioni 30 za Kenya.

Uchumi ilianguka mara mbili. Mwaka 2006 ilifunga milango, serikali ikaiokoa, ikarudi kwenye soko la hisa mwaka 2011. Oktoba 2015 ilifunga maduka yake ya Uganda na Tanzania, na kuanzia hapo imekuwa ikipungua tu hadi kufikia makubaliano na wadai wake mwaka 2020.

Naivas ilivuka matawi 100 mwaka 2023. Mwishoni mwa 2019 ndiyo iliyonunua matawi sita ya mwisho ya Nakumatt, kwa shilingi milioni 422.

Njia ya Nakumatt: mali kauli na mkopo

Njia hii ndiyo inayotumiwa na wengi wetu bila kuipa jina. Unachukua mzigo leo, unaulipia baadaye. Mteja wako analipa papo hapo. Kati ya siku mteja anapolipa na siku msambazaji anapodai, fedha ziko mkononi mwako.

Tuchukue mfano wa hesabu. Duka linauza kila siku bidhaa ambazo kwa bei ya kununulia zina thamani ya milioni 1. Bidhaa hukaa rafuni na stoo wastani wa siku 20. Wasambazaji wamekubali kulipwa baada ya siku 60. Wakati wowote ukikagua utakuta mali ya milioni 20 dukani na deni la wasambazaji la milioni 60. Tofauti ya milioni 40 ni fedha taslimu zisizo na riba wala dhamana, ambazo hukuziomba kwa mtu yeyote. Mauzo yakipanda, nazo zinapanda. Ukifungua tawi jingine, linakuja na mzigo wake na siku zake 60, na fedha zinaongezeka tena. Meneja wa benki akikutembelea anaona akaunti imejaa, naye anakukaribisha ukope zaidi.

Hapo ndipo wengi wanapoanza kujenga. Vigae, majokofu makubwa, mifumo ya kompyuta, kodi ya pango ya miezi kadhaa mbele: vyote vinalipwa na zile milioni 40.

Sasa mauzo yashuke kwa robo. Hayajaporomoka, yameshuka kwa robo tu. Ukinunua kulingana na mauzo mapya, mali ya siku 20 inakuwa milioni 15 na deni la siku 60 linakuwa milioni 45. Tofauti sasa ni milioni 30. Kwa hiyo katika kipindi kile kile ambacho kipato kimepungua, unatakiwa kutoa milioni 10 kulipia mzigo uliokwisha kuuzwa, na fedha hizo zimeshageuka vigae. Unachelewesha malipo. Wasambazaji wanaambiana, kwa sababu madereva wa magari ya mizigo hukutana mlango mmoja wa kupokelea. Wanapunguza siku kutoka 60 hadi 30. Tofauti sasa ni ya siku 10 tu kwa mauzo ya laki saba na nusu, yaani milioni 7 na nusu. Katika zile milioni 40 unatakiwa uwe umerudisha milioni 32 na nusu. Hakuna mwizi katika hesabu hii, na duka halijaendeshwa kwa hasara hata siku moja.

Kinachofuata wakazi wa Nairobi, Kampala na Dar es Salaam walikiona mwaka 2017. Rafu zikaanza kuonyesha mbao zake. Anayeacha kuleta mzigo mapema ni yule ambaye bidhaa yake inauzika popote: wa unga, wa mafuta ya kupikia, wa maziwa, wa soda. Anayeendelea kuleta ni yule ambaye bidhaa yake hainunuliwi. Mteja aliyefuata unga akaukosa hanunui na sabuni, anaondoka na kikapu kitupu. Mauzo yanashuka tena, na hesabu ile inaanza upya kutoka chini zaidi. Wenye majengo nao wanakuja na madalali.

Nakumatt ilipata mapigo ambayo yangemuumiza mtu yeyote. Tawi lake la Westgate, jengo la maduka Nairobi, moja ya makubwa, liliharibiwa katika shambulio la kigaidi la Septemba 2013. Carrefour, supamaketi yenye jina la Kifaransa, ilifungua duka lake la kwanza Nairobi mwaka 2016, na mwaka huo huo, Septemba, Kenya iliweka kikomo cha riba kwa benki, benki zikabana mikopo kwa kila aliyeonekana ana hatari. Lakini biashara hupata mapigo. Tatizo ni kwamba fedha za siku 60, pamoja na hati za mkopo za muda mfupi zilizouzwa kwa wawekezaji, zilikuwa zimejenga vitu vinavyorudisha gharama kwa miaka. Wenye fedha walipozitaka, hapakuwa na cha kuwapa.

Kuna jambo jingine ambalo naliona zito kuliko hesabu. Msambazaji haoni vitabu vyako. Anaona ankara yake tu. Anayeuza biskuti hajui kama wa mchele hajalipwa, na wa mchele hajui kama pango limefika miezi mitatu. Kwa hiyo fedha nyingi kuliko zote katika biashara yako ni za watu wasio na kiti mezani, wasioweza kukuambia usifungue tawi la Arusha mwaka huu. Watakuambia siku watakaposimamisha magari, na siku hiyo ushauri hausaidii. Mmiliki aliyekua kwa njia hii anaweza kupita miaka 10 bila kukatazwa lolote, akaamini kwamba kutokatazwa huko ni dalili ya uamuzi mzuri.

Sisemi mali kauli iachwe. Bila hiyo maduka mengi yasingekuwepo. Ibaki kazini kwake, ambako ni kujaza rafu. Jipime hivi: wasambazaji wote wakipunguza siku kwa nusu mwezi ujao, utalipa bila kukopa? Ukishindwa, usisaini pango jipya. Kwa walio Kenya kuna sababu nyingine tena. Sheria ya ushindani ilirekebishwa mwaka 2019 kuwalinda wasambazaji dhidi ya wanunuzi wakubwa, na mwaka 2020 Mamlaka ya Ushindani iliiweka Tuskys, supamaketi nyingine ya Kenya, chini ya uangalizi kwa kuchelewesha malipo. Tuskys nayo haikupona. Mwaka 2023 mamlaka hiyo hiyo iliitoza kampuni inayoendesha Carrefour faini ya zaidi ya shilingi bilioni 1 kwa jinsi ilivyowatendea wasambazaji wake. Fedha ambazo zamani zilikuwa za bure kwa mwenye duka kubwa zimeanza kuwa na bei.

Njia ya Uchumi: soko la hisa

Hapa nitakwenda haraka, kwa kuwa wasomaji wengi hawatafika huko katika miaka mitano ijayo.

Uzuri wa fedha za soko la hisa ni kwamba hazirudishwi. Aliyenunua hisa akizichoka anamuuzia mwingine, wewe unaendelea na kazi. Vitabu vinakaguliwa na kutangazwa, hivyo msambazaji, benki na hata mfanyakazi anaweza kuvisoma. Kwa mwanahisa mdogo wa Kisumu au Mwanza ni nafasi ya kumiliki kitu kikubwa, na mimi nalipenda hilo.

Udhaifu wake uko kwenye sauti. Wanahisa ni maelfu, wametawanyika, wanakutana mara moja kwa mwaka, na aliye na hisa mia tano hawezi kumbana mkurugenzi kwa maswali ya stoo. Katika Uchumi serikali nayo ilikuwa ndani, ikiwa na mambo yake ya kuangalia zaidi ya faida. Mwishoni mwa 2014 kampuni iliwauzia wanahisa wake hisa mpya, nao wakaitikia kwa wingi. Chini ya mwaka mmoja baadaye wanahisa hao hao walisikia kwamba Uganda na Tanzania zinafungwa. Wasimamizi wa soko wakaanza kuchunguza taarifa walizokuwa wamepewa. Kwa hiyo vitabu kuwa wazi peke yake hakukutosha. Alihitajika mtu mwenye fedha nyingi ndani, anayekaa karibu, anayeuliza kila mwezi.

Kwa kampuni za kati masoko ya hisa yana madirisha yenye masharti mepesi zaidi. Dar es Salaam na Nairobi zote zilifungua ya kwao mwaka 2013, na Maendeleo Bank ndiyo iliyokuwa ya kwanza kuorodheshwa katika dirisha la Dar es Salaam. Kama biashara yako ina wateja wanaoipenda, mfano benki ya jamii, shule au kiwanda cha mkoani, njia hii inastahili kuangaliwa. Kwa mwenye maduka matatu, gharama za washauri, wakaguzi na mwanasheria zitakula duka la nne kabla halijafunguliwa.

Njia ya Naivas: mbia

Watu husimulia Naivas kama kampuni iliyokwenda taratibu ikashinda. Masimulizi hayo yanaacha nje sehemu yenye mafunzo zaidi.

Mzee Kago alifariki mwaka 2010. Mwaka 2013 Massmart ya Afrika Kusini, ambayo nyuma yake kulikuwa na Walmart ya Marekani, ilitaka kununua. Ndani ya familia ukatokea mgogoro wa nani anamiliki kiasi gani, ukaenda mahakamani, na mauzo hayo hayakufanyika. Chukua muda ulitafakari hilo. Kampuni ilikuwa nzuri, mnunuzi alikuwa na fedha, bei ilikuwa inazungumzika, lakini hakuna mtu mwenye akili anayenunua hisa zenye kesi. Ilichukua hadi mwaka 2020 ndipo asilimia 30 ikauzwa kwa kundi la wawekezaji lililoongozwa na Amethis ya Ufaransa, wakiwemo IFC ya Benki ya Dunia, DEG ya Ujerumani na mfuko wa MCB wa Mauritius.

Mbia wa aina hii haingii kama mjomba anayekukopesha. Kabla ya kutoa senti anataka hesabu zilizokaguliwa za miaka kadhaa, kodi iliyolipwa, mikataba ya pango, orodha ya madeni kwa umri wake, na uthibitisho kwamba nyumba ya mama haijaandikwa kama stoo ya kampuni. Akishaingia anakaa kwenye bodi. Mkataba wa wanahisa unataja mambo ambayo mmiliki hawezi kuyafanya bila yeye kukubali: kukopa kupita kiasi fulani, kuuza mali, kuajiri ndugu kwenye nafasi za juu, kuvuka mpaka. Fedha zake hazina tarehe ya kurudishwa kila mwezi, kwa hiyo duka jipya linaweza kuchukua miaka miwili kukomaa bila mtu kugonga mlango. Hiyo ndiyo tofauti yake kubwa na njia ya Nakumatt, na ndiyo sababu naipa uzito kuliko zile mbili.

Lakini bei yake lazima isemwe wazi. Amethis na wenzake hawakukaa hata miaka mitatu. Mwaka 2022 hisa zao zilinunuliwa na kundi la IBL ya Mauritius pamoja na Proparco ya Ufaransa na DEG, ambao kwa kuongeza nyingine za familia walifikia asilimia 40. Mwaka 2023 wakafikia asilimia 51. Kutoka mwaka 2020 familia ilipouza hisa za kwanza kwa mtu wa nje, hadi wa nje kuwa na wingi, ilikuwa miaka mitatu tu. Inawezekana familia ilifurahi na bei iliyopata, na uongozi wa kila siku ukabaki mikononi mwao. Ila anayeingia njia hii akidhani asilimia 30 ni mwisho wa safari ajue kwamba mara nyingi huo ni mwanzo. Mifuko ya uwekezaji huwa na umri. Siku inaponunua inajua takriban mwaka itakaouza, na itamuuzia anayelipa vizuri, ambaye huenda wewe humfahamu.

Quick Mart, supamaketi nyingine ya Kenya, iliyafikia hayo kwa mkondo mwingine. Mfuko wa uwekezaji wa Adenia ulinunua supamaketi ya Tumaini, kisha Quick Mart, ukaziunganisha zikawa moja. Wamiliki wa maduka ya kati waliokuwa wakishindana wakajikuta chini ya dari moja yenye nguvu ya kununulia. Kwa mwenye maduka manane anayebanwa na wakubwa, kuungana na jirani kupitia mwekezaji mmoja ni wazo zuri, na nashangaa halizungumzwi zaidi katika miji kama Mwanza, Eldoret au Tanga.

Suala la familia lishughulikiwe kabla, wakati mzee yu hai na watoto wanasikilizana. Andikeni nani ana hisa ngapi, nani anafanya kazi na analipwa mshahara, nani anapata gawio tu. Kwa familia za Kiislamu mafungu ya mirathi yanajulikana, lakini kugawana hisa hakujibu nani ataongoza, na hapo ndipo ndugu wanapokosana. Tuskys, kampuni nyingine ya familia kutoka Nakuru, iliingia kwenye matatizo ya fedha ikiwa tayari imechoshwa na ugomvi wa ndugu.

Kuhusu kuvuka mpaka

Nakumatt na Uchumi zilivuka. Naivas imekua ikibaki ndani ya Kenya, na nadhani uamuzi huo umechangia kuiokoa kuliko wengi wanavyosema.

Mali kauli haivuki mpaka na wewe. Msambazaji wa Nairobi aliyekuamini kwa siku 60 hana haja ya kukuamini Moshi, na wa Dar es Salaam hakujui. Unaanza kwa kulipa taslimu. Ofisi mpya ya kodi, viwango vipya vya ubora, sarafu nyingine, stoo ya peke yake kwa maduka matatu tu, meneja anayelipwa kama mkurugenzi. Duka la tano ndani ya mkoa mmoja linatumia gari lile lile la mzigo. Duka la kwanza ng'ambo linataka gari lake. Hata wenye fedha nyingi limewashinda: Shoprite iliingia Kenya mwishoni mwa 2018 na mwaka 2020 ikatangaza kuondoka, na Choppies ya Botswana, iliyokuwa imenunua maduka ya Ukwala, nayo ilifunga ikarudi kwao.

Ukiziweka ubavu kwa ubavu

Kwa kasi, mali kauli na mkopo vinashinda. Ukiwa na jina zuri unaweza kufungua tawi ndani ya miezi. Mbia huchukua mwaka mzima au zaidi kabla fedha hazijaingia, na mwaka huo mmiliki atautumia nusu nzima kutafuta nyaraka. Soko la hisa ni refu kuliko yote.

Kwa gharama inayoonekana, mali kauli ni rahisi na hisa ni ghali, kwa kuwa unampa mtu sehemu ya faida yako milele. Gharama ya mali kauli hujificha mahali pawili: kwenye bei, kwani msambazaji anayelipwa baada ya siku 60 hakuuzii kwa bei ya anayelipa leo, na kwenye siku mbaya, ambapo inadaiwa yote kwa pamoja. Ombi la punguzo kwa malipo ya haraka ni jambo dogo ambalo wamiliki wengi hawajawahi kulijaribu. Asilimia 2 kwa kulipa siku 30 mapema ni zaidi ya asilimia 24 kwa mwaka. Linganisha na riba ya benki yako uone nani anakukopesha kwa bei ghali.

Kwa uhuru wa kuamua, njia ya Nakumatt inampa mmiliki kila kitu hadi siku inapomnyang'anya kila kitu. Mbia anakupunguzia uhuru kidogo kidogo kila mwezi. Kuna watu ambao kwa tabia hawawezi kuishi na hilo, na ni bora wajijue mapema kuliko kuvunja ubia baada ya mwaka mmoja.

Kwa makosa, na hiki ndicho kipimo ninachokipa uzito zaidi: duka jipya likishindwa, nani analipa? Kwa mkopo wenye hati ya nyumba, familia yako. Kwa mali kauli, wasambazaji wadogo, wengine wakulima wa mboga na waoka mikate waliopoteza kila walichokuwa nacho Nakumatt ilipofungwa, maana wadai wasio na dhamana hulipwa mwisho. Kwa hisa, hasara inagawanywa kati yako na mtu aliyeingia akijua hatari. Mtu mwenye dhamiri hawezi kulipita hili kama jambo la kihasibu tu.

Nani achukue ipi

Kama una maduka chini ya matano na yote yako umbali wa gari moja la mzigo, sioni sababu ya kumtafuta mbia wala kukopa kwa ajili ya kupanuka. Jenga kwa faida. Weka fedha za wasambazaji kwenye akaunti yake peke yake, usizione kama zako. Tawi jipya lifunguliwe pale faida iliyobaki benki inapotosha kulijenga na kulilipia pango la mwaka. Utachelewa, na huenda mshindani akaichukua ile nafasi. Nafasi nyingine zitajengwa, miji yetu haijaacha kukua.

Kama una matawi kati ya sita na ishirini, unakua, na unaanza kuona kwamba faida haitoshi kushika maeneo yanayofunguliwa, anza leo maandalizi ya mbia hata kama hujampata. Ukaguzi wa hesabu kutoka kampuni inayoheshimika, kodi zisizo na mabaki, hisa za familia zilizoandikwa, na bodi yenye angalau watu wawili wasio ndugu wenye ruhusa ya kukataa. Maandalizi hayo yatakufaa hata kama hutauza hisa moja, kwa kuwa benki nayo itakupa masharti bora. Mkopo wa benki katika ngazi hii ni sahihi ikiwa muda wake unalingana na kitu unachojenga: majokofu ya miaka saba kwa mkopo wa miaka mitano, si kwa ankara za mwezi ujao.

Kama tayari uko katika hali ya Nakumatt, yaani wasambazaji wa unga na maziwa wamepunguza siku, usisubiri mbia akuokoe. Nakumatt ilitangaza mara kwa mara kwamba mwekezaji yuko karibu, na hakuna aliyeweka fedha, kwa kuwa anayeingia wakati huo anajua fedha zake zitapita moja kwa moja kwenda kwa wadai. Funga matawi dhaifu wewe mwenyewe, mapema, ukiwa bado unaweza kulipa pango la kuondokea na haki za wafanyakazi. Waite wasambazaji wakubwa kumi, wawekee vitabu mezani, na uwape ratiba unayoweza kuitimiza. Wengi watakubali, maana duka linalolipa taratibu lina faida kwao kuliko mfilisi.

Na kwa yule anayekaa mezani wiki hii na mkataba wa mbia mbele yake, vifungu vitatu visomwe na mwanasheria wako, si wa kwao: haki yako ya kununua kwanza hisa zao watakapotaka kuuza, haki yako ya kuuza pamoja nao kwa bei ile ile, na kifungu kinachoweza kukulazimisha kuuza hisa zako wakipata mnunuzi wa kampuni nzima. Hicho cha tatu mara nyingi kiko kurasa za nyuma. Omba kiwe na bei ya chini kabisa na muda usiopungua miaka mitano kabla hakijaanza kutumika.